UZI: Kazi ya bustani kama taaluma. Anza kitaluni, chuo kifuate (Nakuru, Kisumu na Magharibi)

#1 FundiWaMiti, Nakuru

Wadau, habari zenu. Vijana wengi wameniuliza wasome kozi gani ndipo waajiriwe kutunza bustani. Nimeona niandike yote mahali pamoja, na wenye ujuzi mniongezee.

Msimamo wangu ni huu: nenda kitaluni kwanza. Kaa hapo mpaka uone mvua ndefu zikija na kuondoka, uone kiangazi, uone na mvua fupi. Ukishapitia mzunguko huo ndipo ulipe karo ya chuo. Anayeanza na karatasi huja kazini akijua maneno ya vitabu, lakini mche ukianza kudhoofika mbele yake hajui hata aanzie wapi.

Chukua mfano mdogo. Mche wenye kiu hulegeza majani. Mche uliozidiwa na maji nao hulegeza majani, kwa sababu mizizi imekosa hewa, imeanza kuoza, haivuti tena. Kwa mbali huwezi kuitofautisha. Asiyejua atakimbilia keni ya maji kwa yote miwili, na huo wa pili ataumaliza. Aliyelelewa kitaluni hutia kidole udongoni kwanza, hunyanyua kiriba (kifuko cha mche) apime uzito, hunusa udongo. Ni mambo ya sekunde chache, lakini hayaingii kichwani mpaka uwe umeyafanya asubuhi baada ya asubuhi kwenye miche ya watu, mwenye kitalu akiwa amesimama nyuma yako.

Vipandikizi navyo. Kila mtu atakuambia bogenvilia hupandwa kwa kukata tawi. Tawi lipi? Siyo lile laini la ncha, litanyauka. Siyo lile gumu la zamani, litachelewa mno. Unataka lililokomaa kiasi, unene wa penseli, ulikate urefu wa sentimita 15 hadi 20. Chini kata karibu kabisa na kifundo, maana mizizi hutoka hapo. Juu kata mshazari, maji yasituame, na pia ili usije ukapanda juu chini ukishakuwa na rundo la mamia mezani. Majani ya chini toa yote, ya juu bakiza mawili matatu, na kama ni mapana yakate nusu ili yasipoteze maji kabla mizizi haijatoka. Weka kivulini, udongo uwe na mchanga mwingi, unyevu usikatike. Hibiskasi na duranta hufuata njia iyo hiyo. Usivute kuangalia kama kimeshika! Kila kijana mgeni huvuta, na mizizi michanga hukatikia hapo hapo.

Kitu cha mwisho kwa leo: jifunze udongo wa mahali ulipo. Huku Nakuru udongo wetu umetokana na majivu ya volkano, ni mwepesi, maji hupita haraka. Ukimwagilia juu juu jioni, kesho saa sita umekauka. Dawa yake ni mboji nyingi na matandazo, na kumwagilia kwa kina mara chache badala ya kurashia kila siku. Kijana akihama na mazoea hayo kwenda Kisumu ataua mimea. Wa Kisumu waje waeleze.

#2 KijanaWaKhayega, Kakamega

Mulembe mzee. Asante kwa uzi. Nimemaliza kidato cha nne nikapata D+. Nyumbani wananiambia kazi ya bustani siyo ya mtu aliyefika sekondari, lakini mimi tangu nikiwa mdogo ndiye ninayepanda maua ya kanisa letu, na naipenda kazi hii kwa dhati. Maswali yangu ni mawili. Kitalu kitanilipa nikiwa bado najifunza? Na kwa D+ yangu, kuna chuo kitanichukua?

#3 MamaKitalu, Kisumu

Mwanangu wa Khayega, swali la kwanza nitakujibu mimi, nina kitalu changu hapa Kisumu.

Usiende kuomba kufundishwa. Nenda uombe kazi. Mwenye kitalu akisikia "nataka kujifunza" anaona mtu wa kumsimamia bure. Akisikia "nipe kibarua cha kujaza viriba" anaona mikono. Na nenda wakati mikono inahitajika: kuanzia Januari mpaka Machi tunajaza viriba na kuhamisha miche ili mvua ndefu zikianza tuwe tayari kuuza. Wakati huo kijana mwenye bidii hakosi kibarua cha siku. Fika mapema, maana umwagiliaji wa asubuhi ndio darasa lenyewe. Ukionekana huibi, huvunji miche, na unauliza maswali ya maana, utapandishwa. Mimi vijana wangu nawaanzisha na viriba, halafu kuhamisha miche, halafu vipandikizi. Kuunga maparachichi na maembe huja mwisho, kisu kile kinataka mkono uliotulia.

Watu wasikudharaulie kitalu. Wangari Maathai alipoanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, kazi ilianzia hapo hapo, akina mama na miche yao.

Sasa udongo wetu. Ukitoka mjini kuelekea Nyamasaria na uwanda wa Kano unakutana na udongo mweusi, ule tunaouita blakkotoni. Kiangazi unapasuka mpaka mkono unaingia kwenye ufa. Mvua ikinyesha unavimba, unashika maji, na shimo ulilochimba kupanda mti linageuka beseni. Mti unasimama majini wiki nzima unaoza miguu. Kwa hiyo huku hatuchimbi shimo refu na kuliacha hivyo. Tunainua tuta, sentimita 20 au 30 juu ya ardhi, tunatengeneza mfereji wa kutolea maji, tunachanganya mboji kila msimu. Na hatulimi ukiwa umelowa, kwa sababu ukiukanyaga na kuulima ukiwa tope unakuja kukauka mawe matupu.

Nyasi pia. Watu wakija kutoka Nakuru wanataka nyasi ya Kikuyu kwa sababu wameizoea. Ile hupenda baridi ya nyanda za juu. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, sisi ziwani tuko kama mita 1,130, joto ni jingine kabisa. Huku nyasi ya Pemba na paspalamu hazinisumbui. Mteja akisisitiza Kikuyu namweleza, naandika, anatia sahihi.

#4 MwalimuWaKilimo, Njoro

Nimesoma kwa makini, na kwa heshima zote kwa FundiWaMiti nitapinga kidogo.

Kwanza nimjibu kijana. Kwa D+ unaingia kozi ya ngazi ya cheti. Stashahada huanzia C-. Ukimaliza cheti unaweza kupanda hadi stashahada, kwa hiyo mlango haujafungwa. Maombi ya vyuo vya serikali hupitia KUCCPS, na HELB wana mikopo ya wanafunzi wa vyuo vya ufundi, siyo wa vyuo vikuu peke yao. Upande wako kuna polytekniki ya Sigalagala, na kuna Chuo cha Kilimo cha Bukura. Kisumu kuna polytekniki ya kitaifa. Huku kwetu kuna Egerton, iliyoanza 1939 kama shule ya ukulima na leo inatoa hata shahada ya kilimo cha bustani. Soma mtaala kabla ya kujaza fomu. Kozi nyingi zenye jina la kilimo cha bustani ni za mboga, matunda na maua ya kuuza nje, na upangaji wa mandhari hupewa somo moja au mawili tu. Na hakikisha chuo kimesajiliwa na TVETA, mamlaka ya vyuo vya ufundi.

Sasa hoja yangu. Kitalu humfundisha kijana yale anayoyajua mwenye kitalu, pamoja na makosa yake. Chukua udongo wa Kakamega, Vihiga na sehemu kubwa ya Bungoma. Mvua nyingi ya miaka mingi imeosha chokaa ya asili, udongo umekuwa na asidi. Pehachi (kipimo cha asidi; ikishuka, asidi imezidi) ikienda chini ya 5.5, aluminiamu huanza kuyeyuka na kuumiza mizizi, na fosforasi hufungwa mmea usiipate. Mwenye kitalu atakuambia udongo umechoka, uongeze mbolea ya DAP. Mbolea hiyo ikitumika mwaka baada ya mwaka huzidisha asidi. Aliyepita darasani atapima udongo kwanza, kisha aweke chokaa wiki kadhaa kabla ya kupanda.

Mfano mwingine wenye umri mkubwa mtaukumbuka. Vidukari wa saipresi waliingia Kenya mwaka 1990. Nyua za saipresi zilizokuwa fahari ya boma zikakauka rangi ya kahawia. Watu wakadhani ni ukame, wakamwaga maji. Wengine wakasema ni ugonjwa wa mizizi, wakang'oa. Mdudu alikuwa juu kwenye matawi akinyonya utomvu. Kutambua chanzo ni elimu, na elimu hiyo ina utaratibu wake. Huwezi kuiokota kwa kumwagilia tu.

Mimi ningesema chuo kwanza, halafu mafunzo ya kazini yawe kitaluni.

#5 FundiWaMiti, Nakuru

Mwalimu, hoja ya asidi naikubali kwa moyo wote, na ya vidukari pia. Sisemi chuo kiachwe. Ninachopigania ni mpangilio. Kijana aliyekaa kitaluni akiingia darasani na kuambiwa habari za pehachi, kichwani mwake kuna miche halisi aliyoiona ikigeuka njano, na somo linaingia kwa sababu lina mahali pa kukaa. Yule mwingine ananakili ubaoni.

Nililetewa kijana kutoka chuo ambacho sitakitaja. Cheti anacho, tena kizuri. Nikampa mkasi wa kupogolea, akaushika kwa mikono miwili. Miaka yote ile hakuna aliyempa mti akate. Namhurumia sana, maana wazazi wake waliuza ng'ombe. Sasa hivi anakata vizuri kuliko wengi, ila alilipia mara mbili kitu ambacho angekipata kwa mpangilio mzuri.

Na kwa kuwa tumefika kwenye kupogoa, vijana someni hapa taratibu, kwa sababu ndipo fundi anapojulikana.

Angalia jakaranda za hapa mjini, nyingine zimeoza shinani zikawa na mashimo. Mara nyingi chanzo ni mkato mbaya wa miaka ya nyuma. Tawi linapoungana na shina pana uvimbe mdogo umelizunguka, kama kola ya shati. Uvimbe huo ndio wenye uwezo wa kufunga kidonda. Ukikata ndani yake ukalisawazisha na shina, umeondoa kile kinachoponya, na kidonda kinakuwa kikubwa kuliko inavyotakiwa. Ukiacha kisiki kirefu, kisiki kinakufa, uozo unapitia hapo kuingia ndani. Kwa hiyo unakata nje tu ya kola, usiiguse.

Tawi likiwa zito usilikate kwa mara moja. Mkato wa kwanza uwe chini ya tawi, karibu sentimita 30 kutoka shinani, uingie kama robo ya unene. Wa pili uwe juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza, mpaka tawi lianguke. Ule wa chini utazuia ganda lisichunike mpaka shinani. Wa tatu ni wa kuondoa kisiki kilichobaki, nje ya kola. Halafu acha. Usipake rangi wala lami wala udongo. Mti hujifunga wenyewe kutoka pembeni, na ukirudi baada ya mvua utaona duara la ganda jipya likianza kutambaa. Duara likiwa kamili pande zote, ulikata sawa. Likiwa na pengo juu au chini, hapo ulikula kola.

Hili Mwalimu unaweza kulichora ubaoni, lakini mkono lazima ujifunze kwenye mti.

#6 WaridiWaNaivasha

Nimefanya kazi ya mawaridi huku Naivasha muda mrefu kabla ya kuanza kuchukua bustani za nyumba. Vijana wengi wanatuuliza kama shamba la maua ni shule nzuri. Ni nzuri kwa upande mmoja. Utajua kukata juu ya chipukizi linaloangalia nje, utajua ukungu mweupe na ukungu wa kijivu ukiwa bado umbali, utajua usafi wa mkasi. Lakini ni zao moja ndani ya hema la plastiki, na unaweza kukaa miaka ukifanya kazi moja, kukata au kupanga madaraja. Huondoki ukijua kupanda ua wala kuweka ukoka.

Kile ambacho shamba la maua lilinipa na ambacho bustani za mitaani hakuna ni adabu ya dawa. Kila chupa ya dawa iliyosajiliwa na PCPB, bodi ya viuatilifu, ina ukanda wa rangi chini ya lebo. Nyekundu ni sumu kali kabisa, njano inafuata, halafu buluu, halafu kijani. Hata ya kijani inataka glavu na viatu. Soma kipimo na ukipige hesabu kulingana na bomba lako la kunyunyizia. Lebo ikisema mililita 30 kwa lita 20, na bomba lako ni la lita 15, unatia mililita 22.5. Kifuniko siyo kipimo. Usinyunyize upepo ukivuma, usinyunyize mmea ukiwa na maua wakati nyuki wako kazini, na mwambie mwenye nyumba watoto na mbwa wasiingie mpaka muda ulioandikwa upite. Chupa tupu suuza mara tatu, maji yale yarudi kwenye bomba, kisha itoboe ili mtu asije akawekea mafuta ya kupikia au maziwa.

Nimewaona watu wakinyunyiza dawa na fulana na sandali, upepo unawarudishia usoni. Inaniuma. Hakuna bustani ya thamani hiyo.

#7 MsimamiziWaHoteli, Kisumu

Mimi ni upande wa anayeajiri. Ninasimamia uwanja wa hoteli karibu na ziwa, na nimewahoji wengi. Niwaambie ninachotazama.

Sianzi na cheti. Natembea na kijana kwenye bustani, namuuliza atanifanyia nini hapa. Anayeniambia "nitakata, nitapanda maua, itapendeza" namshukuru na kumuaga. Aliyenivutia mwaka jana alisimama chini ya mwembe akatazama ukoka uliokufa. Akaniuliza jua linafika hapa saa ngapi na linaondoka saa ngapi, na kama bomba la maji machafu linapita chini. Akasema hapa nyasi haitaota, kivuli ni kizito na mizizi ya mwembe inanyonya kila kitu, tuweke mimea ya kivuli na matandazo. Ndiye niliyemchukua, na pale mahali paliponisumbua sana leo wageni hupigia picha.

Cheti nakiuliza baadaye, kwa sababu ofisi kuu inakitaka kwenye faili. Kwa hiyo FundiWaMiti na Mwalimu wote mna haki yenu, lakini yule kijana aliingia mlangoni kwa macho yake.

Jambo jingine, vijana jifunzeni kuandika. Nahitaji ratiba: wiki hii nini kitakatwa, mwezi ujao nini kitawekwa mbolea. Fundi mzuri asiyeandika ananipa shida kuliko wa wastani mwenye daftari.

#8 KijanaWaKhayega, Kakamega

Nawashukuru wote, nimeandika kila kitu. Sasa samahani nikiuliza wazi: pesa. Jirani yetu anatunza boma la mtu kule Kakamega mjini, anafanya kila kitu mpaka kuosha gari, na mshahara ni wa kusikitisha. Nitatokaje hapo?

#9 FundiWaMiti, Nakuru

Usiombe samahani, hilo ndilo swali ambalo wazazi wako watakuuliza.

Tuanze na sheria. Amri ya mishahara ya Kenya humweka mtunza bustani kundi moja na kibarua, mfagiaji, yaya, mtumishi wa nyumbani, mlinzi wa mchana na tarishi. Ndilo kundi la chini kabisa. Mei 2022 kima chake cha chini kwa mji kama Kisumu kiliwekwa shilingi 15,201.65 kwa mwezi, bila marupurupu ya nyumba, na Novemba 2024 kikaongezwa asilimia 6. Nje ya miji ni kidogo zaidi. Amri hiyo hiyo ina ngazi za fundi wa daraja la III, la II na la I, na zote ziko juu ya kundi hilo. Mwalimu, hapa ndipo nakupa pointi kamili: macho na mikono vitakupatia kazi, lakini karatasi ndiyo inayokuondoa kwenye kundi la kibarua. NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, wana mitihani ya ufundi ya madaraja hayo, na wana kituo Kisumu. Nenda ukaulize fani gani wanazipima kwa sasa. Pia kuna utaratibu wa kutambua ujuzi aliopata mtu kazini bila kupitia darasani, unaosimamiwa na KNQA, mamlaka ya kitaifa ya sifa za elimu na ujuzi. Waliofanya kazi miaka mingi bila cheti waufuatilie huo.

Njia ya pili ya kutoka ni kuacha kuuza siku na kuanza kuuza kazi. Na hapo hesabu haikwepeki. Nikupe moja.

Mteja wa Kiamunyi anataka ukoka wa Kikuyu kwenye mita za mraba 100. Unapanda vipande kwa nafasi ya sentimita 15 kila upande. Mita moja ya mraba inameza karibu vipande 44, kwa hiyo unahitaji kama 4,400, na ongeza kidogo kwa vitakavyokufa. Samadi iliyooza unatandaza unene wa sentimita 5. Mita 100 mara 0.05 ni mita 5 za ujazo, yaani lita 5,000. Wilbaro yako ikiwa ya lita 65, hizo ni safari karibu 77 kutoka getini hadi nyuma ya nyumba. Sasa unajua vibarua wangapi na siku ngapi. Jumlisha nyasi, samadi, usafiri, vibarua, kukodi vifaa, kisha weka faida yako na kiasi cha kurudi kung'oa magugu mpaka ukoka ufunge. Vijana wengi hutazama uwanja kwa jicho, wanataja bei, wanaishia kulipa vibarua kutoka mfukoni mwao.

Kona za mraba pima kwa kamba: mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, na kati ya ncha hizo iwe mita 5 kamili. Isipotimia, kona yako imepinda, na ua ukishakua kila mgeni ataona.

Halafu hifadhi kandarasi za utunzaji. Kupanda ni mara moja, utunzaji ni kila mwezi. Nyumba chache zilizo karibu karibu, tuseme zote Milimani au zote Naka, ambako huna nauli ya kupoteza, zitakulisha kuliko boma moja la tajiri anayekutuma kuosha gari. Kwenye makubaliano andika kilichomo na kisichomo.

#10 MamaKitalu, Kisumu

Fundi amesema vizuri. Niongeze kitu ambacho sijaona kikitajwa, nacho ni mimea yenye sumu. Ile yenye maua ya njano ya tarumbeta, Thevetia, na oleanda, zimejaa kwenye shule na makanisa yetu kwa sababu hazihitaji maji mengi na mbuzi hawazigusi. Mbuzi hawazigusi kwa sababu ni sumu, mbegu, majani na utomvu. Mtu akikuomba bustani ya shule ya chekechea, hizo mbili usizikaribishe, hata mwalimu mkuu akizipenda. Na ojuok (mnyaa) tunayopanda kuzunguka maboma huku Nyanza, ukiikata vaa miwani, maziwa yake yakiingia machoni ni safari ya hospitali.

Badala yake kuna miti yetu. Siala, ambayo Waluhya mnaiita lusiola, hutoa maua ya njano mazuri, hukua haraka na mizizi yake haina vurugu. Nandi flemu ni maridadi, ila ipe nafasi, mbali na nyumba, matawi yake huvunjika.

Na wasichana mnaosoma uzi huu bila kuandika, najua mpo. Njooni. Kitaluni kwangu wanaounga miche vizuri zaidi ni wanawake wawili, na wateja huwauliza kwa majina.

#11 MwalimuWaKilimo, Njoro

FundiWaMiti, nimesoma hesabu yako ya samadi, nitaitumia darasani kesho. Na nakubali kwamba mwanafunzi aliyepita kitaluni huuliza maswali mazuri zaidi. Kwa kijana huyu hasa, akianza kibarua sasa na kutuma maombi ya chuo kwa mwaka ujao, hatapoteza chochote. Bado nashikilia kwamba asikae miaka mitano huko akisema bado anajifunza. Weka mwisho.

#12 KijanaWaKhayega, Kakamega

Nimeongea na mama mmoja mwenye kitalu kando ya barabara ya kwenda Kakamega, amesema nije Jumatatu kujaza viriba. Baba bado hajafurahi, lakini nimemwonyesha ile hesabu ya ukoka, ameisoma mara mbili na hakusema kitu. Niende na nini?

#13 FundiWaMiti, Nakuru

Hongera kijana! Viatu vya mpira, kofia, chakula chako na daftari dogo linaloingia mfukoni. Usinunue vifaa bado, tumia vya kitaluni mpaka ujue mkono wako unataka nini. Cha kwanza kununua baadaye kiwe mkasi mzuri wa kupogolea, na kichupa cha spiriti ya kufutia makali unapotoka mmea mmoja kwenda mwingine, ili usisambaze magonjwa.

Kwenye daftari andika kila mmea unaoushika: jina analoliita mama huyo, jina la kisayansi ukilipata, umepandwa kwa mbegu au kipandikizi, udongo umechanganywa nini na nini, tarehe ya kupanda na tarehe ulipoona chipukizi. Siku kukinyesha mvua ya mawe au jua likichoma miche, andika pia, na ni miche ipi ilipona.

Muulize mama huyo udongo wake wa kujazia anautoa wapi. Ukiwa wa msituni au wa shambani, chukua kiasi upeleke kupimwa asidi, ulete majibu hapa Mwalimu akusomee. Na mche usioujua piga picha ya jani, ya ua na ya shina, zote tatu, uziweke kwenye uzi huu. Picha ya jani peke yake mara nyingi haitoshi kuutambua.

Jumatatu ukitoka kazini tuandikie wamekupa mchanganyiko gani wa kujaza viriba.